Boma la Goba au kiwanja cha Kibada? Nina watoto wawili na mke asiyetaka kuhama Sinza

Baba Wawili

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa waliokwishahamia pembeni ya jiji la Dar na familia. Madalali mnisamehe, ninyi nimeongea nanyi vya kutosha.

Nimepanga Sinza, vyumba viwili na sebule, 450,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita sita. Binti ana miaka saba, mdogo wake mitatu na nusu. Tuko familia nne ndani ya geti moja. Uwanja wa watoto kuchezea ni pale kati ya gari la mwenye nyumba na tenki la maji, hatua sita, nimezipima. Mwezi uliopita bibi yake alimletea binti baiskeli kutoka Morogoro. Anaiendesha mkono mmoja umeshika ukuta. Akifika kwenye bampa la gari anashuka, anaigeuza kwa kuinyanyua, anarudi. Siku ya tatu mwenye nyumba akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama nimeuona mchubuko kwenye mlango wa gari lake. Niliuona. Nikalipa rangi.

Jioni ile ndiyo nikaanza kufungua matangazo ya viwanja.

Nimebakiwa na sehemu mbili. Goba kuna boma, yaani nyumba ambayo haijaezekwa, kuta zimefika kwenye lenta juu ya milango, vyumba vitatu kimoja masta, kiwanja mita ishirini kwa ishirini, kama kilomita moja na nusu kutoka lami. Milioni 38, dalali anasema inazungumzika. Karatasi zake ni mkataba wa serikali ya mtaa. Nyingine ni Kibada, Kigamboni, ng'ambo ya pantoni: kiwanja kitupu, mita za mraba 612, kimepimwa, kina hati, milioni 36. Mkononi nina milioni 30, yaani 18 za mkopo wa SACCOS na zilizobaki akiba pamoja na mchango wa kaka yangu. Ndani ya mwaka naweza kuongeza kama 10.

Mimi kazi yangu iko Posta, katikati ya mji, mke wangu anauza vitambaa Kariakoo. Yeye anasema Sinza hakuna kinachokosekana: shule ipo, zahanati ipo, saa nne usiku ukitaka chipsi unapata. Mimi naona watoto wanakua kama kuku wa bandani. Ninachotaka kujua hasa ni maisha ya watoto huko yakoje kweli, ukiacha zile picha za matangazo ambazo kila kiwanja kina majani mabichi mwaka mzima.

Mzee wa Pagale

Mkuu, boma kwenye lenta linadanganya macho. Unaliona kama nyumba iliyobakiza kofia. Kupaua, milango, madirisha, plasta, nyaya, mabomba, choo na shimo lake, hapo ndipo wanaume wanapoota mvi. Langu lilikaa hivyo miaka minne. Mwarobaini ukaota sebuleni, tulipoukata ulikuwa mnene kama mkono wangu. Wewe una 30, boma linauzwa 38. Utalinunua kwa deni halafu ulitazame.

Mama Kinzudi

Mdogo wangu, mimi niko Goba, upande wa Kinzudi, tangu Novemba 2015. Nitakusimulia yangu, utachukua litakalokufaa.

Tulihamia nyumba haijaisha, kama nusu ya mtaa wetu walivyohamia. Chumba kimoja kilikuwa na dari, vingine ukilala unahesabu mbao za paa. Madirisha mawili yalikuwa na vioo, yaliyobaki tuliyaziba kwa vipande vya bati. Mume wangu alisema tukisubiri iishe tutahamia na wajukuu, na kodi yetu ya Mabibo ilikuwa inaisha tarehe 30. Usiku wa kwanza vuli ikanyesha. Aliyezoea dari hajui mvua kwenye bati tupu ni kitu gani. Mwanangu wa kati, miaka mitano, alikaa kitandani anacheka mpaka machozi kwa sababu alituona tunafungua midomo na hasikii neno. Asubuhi nafungua mlango wa nyuma, kenge ametulia juu ya matofali anaota jua. Nikaufunga, nikamwambia mume wangu mimi narudi Mabibo.

Sikurudi, na sababu ni jirani wa kulia. Mwalimu, mama wa Kipare, alikuja saa moja asubuhi na ndoo mbili za maji na chupa ya chai. Jina langu hakuuliza. Aliuliza, "Maji mnachukua boza la nani?" Nikamwambia tulikuwa hatujafikiria. Akacheka, akanipa namba ya mwenye boza asiyechanganya maji ya chumvi, namba ya fundi umeme, na namba ya bodaboda mmoja akisema huyu ndiye unayeweza kumpa mtoto. Miaka miwili baadaye mwanangu wa mwisho alibanwa na kifua, mume wangu yuko Dodoma kikazi. Niligonga geti la mwalimu saa nane usiku. Alitoka na khanga moja kifuani, ufunguo wa gari mkononi, akaniuliza tukiwa tayari barabarani, "Anapumua?"

Sasa watoto. Saa kumi jioni mtaa wetu ni wao. Rede, kombolela, baiskeli za kupokezana, mpira wa makaratasi. Gari likipita wote wanapiga kelele "gariii!" na kupanda ukingoni, halafu wanarudi. Jumamosi wangu walikuwa wanatoka baada ya uji, na mchana nawapitia nyumba za watu kama mtu anayedai madeni. Nilijua wamekula kwa nani kwa kutazama midomo: ikiwa na mafuta ni kwa mama wa maandazi, ikiwa ya njano ni kwa babu mwenye mwembe. Hayo ndiyo niliyoyapata, na sikuyaona kwenye tangazo lolote.

Ubaya wake ni barabara, na hapo sitakuficha. Masika bajaji hazifiki kwetu. Unatembea na ndala, viatu vya kazini viko kwenye kapu. Enzi za mifuko ya plastiki, kabla haijapigwa marufuku 2019, tulikuwa tunaifunga miguuni mpaka magotini, ungetuona ungedhani ni watu wa kuvua kamba. Pale tunapoingilia lami kuna kijana wa duka anayeweka ndoo, kata na jiwe la kusimamia. Kunawa miguu shilingi 200. Wakurugenzi, walimu, wauza nyanya, wote tunapanga foleni asubuhi tukisugua vidole kwenye jiwe moja. Jiwe lenyewe limeshaingia bonde katikati.

Kila kaya inatoa 10,000 kwa mwezi ya mlinzi wa usiku, na kabla ya masika tunachangishana malori ya kifusi, halafu Jumamosi moja ni msaragambo, kila nyumba itoe mtu na koleo. Asiyetoa mtu anatoa soda. Kuna mmoja ametoa soda miaka tisa.

Kwa hiyo ushauri wangu: nyumba yenyewe iache kwanza. Nenda Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku iliyonyesha, usiende na dalali. Simama mlangoni kwa hilo boma halafu uanze safari ya kazini. Ukifika ofisini andika saa. Halafu jioni rudi, kaa dukani unywe soda moja polepole, utazame watoto wa mtaa wanafanya nini na nani anawaita kwenda kuoga.

Mpimaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya upimaji miaka 31. Mama Kinzudi amesema ya moyoni, mimi niseme ya mezani.

Huo mkataba wa serikali ya mtaa unaonyesha tu kwamba mlilipana mbele ya mashahidi. Hati ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa matumizi yaliyoandikwa. Swali la kumuuliza muuzaji wa Goba: eneo lako limefikiwa na urasimishaji, yaani ule mpango wa kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa? Kuna mchoro wa mipangomiji uliopitishwa? Na kwenye mchoro huo kiwanja chako kimeandikwa nini? Kuna mteja alinijia na mkataba msafi, mashahidi wanne, mihuri kama ya pasipoti. Tulipoufungua mchoro, pale alipochimba msingi pameandikwa "shule ya msingi". Muuzaji hakuwa mwizi, baba yake alilima mihogo pale kabla yeye hajazaliwa. Lakini mchoro haujui mihogo.

La pili, Goba ina vilima na vikorongo. Kuna makorongo yanakauka miezi kumi, mtu anajenga humo akiona pamepoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembea nyuma ya hilo boma, usiishie kwenye varanda.

La tatu ni mke wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mke akikosekana kwenye meza, na wewe usiwepo kwenye meza hiyo.

Kwa hicho cha Kibada nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja na namba ya hati. Utajua jina la mmiliki, na kama kimewekwa rehani benki au kina zuio la mahakama. Ada yake uiulize hapohapo. Maeneo kama Kibada, Bunju na Toangoma yalipimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kwa hiyo barabara za mitaa, eneo la soko na la shule viliachwa tangu kwenye karatasi.

Na mpe shemeji salamu zangu. Hiyo Sinza anayoisifia ilianza hivyohivyo, viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, wakati huo watu wa Kariakoo wakiuliza nani ataishi porini kule.

Nimerudi Mjini

Naona kila mtu anamwonea huruma mtoto wa baiskeli. Acheni na mimi niseme, kwa sababu mimi nilikuwa na kila alichokieleza Mama Kinzudi, na nikakiacha.

Nilijenga Chanika, tukahamia 2018. Vyumba vinne, nimemaliza mpaka vigae, miembe miwili, banda la kuku. Majirani safi. Nilikaa miaka mitatu. Kazi yangu iko mjini na ina kuingia kwa kidole kwenye mashine saa mbili kamili, ukichelewa mara tatu unaandikiwa barua. Nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku, saa kumi na nusu niko kituoni. Jioni narudi saa tatu, foleni ya Gongo la Mboto imenila. Watoto wamelala. Alfajiri natoka, wamelala. Gari la shule lilimchukua wa kwanza saa kumi na moja kasoro kumi, mtoto wa darasa la pili, anamalizia usingizi kichwa kimegonga kioo.

Siku moja nasikia mwanangu anaongea na bibi yake kwa simu: "Baba atakuja Jumamosi." Atakuja! Na mimi nalala mle kila siku.

Tumepanga Ilala sasa, vyumba viwili vya joto, watoto wanachezea koridoni na wanamkera mama wa chini. Lakini saa kumi na mbili jioni niko nyumbani, tunapiga hesabu za kuzidisha mezani. Chanika nimeipangisha 200,000, hapa nalipa 400,000. Kaka zangu wananiona mwendawazimu. Mwembe ulipozaa, mpangaji alinitumia picha.

Mama Kinzudi

Nimerudi Mjini, umenigusa. Wangu mume alihamishiwa Mwenge 2017, bila hilo sijui kama leo ningeandika haya kwa raha. Miaka ile miwili ya mwanzo, akifanya kazi bandarini, na yeye alikuwa mgeni wa Jumamosi. Nilisahau kuliandika. Labda sikusahau.

Kibada Tangu 2009

Kuhusu Kibada niulizeni mimi. Nilipohamia usiku ulikuwa unasikia bahari na vyura tu. Daraja halikuwepo, lilifunguliwa 2016, kwa hiyo pantoni ikiharibika mnapiga simu kazini kwa zamu, mabosi hawawaamini. Nauli ya kuvuka ilikuwa 100, ikawa 200 mwaka 2012, ugomvi wake mnaukumbuka. Maji yalikuwa ya kisima chenye magadi, sabuni haitoi povu, mpaka DAWASA, watu wa maji wa jiji, walipotuletea ya visima vya Kisarawe II. Sasa hivi kwa mtu wa Posta sioni sehemu ya kulinganisha. Ukiiwahi pantoni unafika wenzako wa Goba wakiwa bado wananawa miguu.

Lakini nikuambie na kisichosemwa. Mtaa wangu una viwanja kumi na nne. Nyumba zenye watu ni tano. Viwanja vinne vina ukuta na geti, ndani nyasi zimefika kifuani, wenyewe wako Muscat, wako London, mmoja sijamwona tangu alipopanda bikoni za mpaka. Wananunua wanaweka, bei inapanda, nyoka wanazaliana. Barabara imenyooka kama rula lakini hakuna mtoto juu yake. Na hizo nyumba tano nazo zina kuta za mita tatu na nyaya za umeme juu. Wanangu walikua wakicheza wenyewe kwa wenyewe. Binti yangu alijua kuendesha baiskeli vizuri sana, barabara nzima yake, ila hakuwa na wa kushindana naye, akaiacha.

Mitaa ya nyuma, karibu na soko, ni tofauti, huko watu wamejaa. Kwa hiyo ukisema "Kibada" bado hujasema kitu. Sema mtaa gani, uniambie nyumba ngapi zinawashwa taa usiku.

Mzee wa Pagale

Hii ya kuhesabu taa naichukua. Miaka yote nimekuwa nahesabu matofali.

Baba Wawili

Wakuu, asanteni sana. Nimekaa kimya siku kumi na mbili kwa sababu nilifanya mliyonituma.

Kibada nilikwenda Alhamisi, nikalala kwa mfanyakazi mwenzangu anayekaa jirani na hicho kiwanja. Saa tatu usiku tulitoka kuhesabu taa, yeye akiamini nimechanganyikiwa. Viwanja kumi na sita, taa nne, moja ni ya mlinzi. Asubuhi nilitoka saa kumi na mbili kamili, daladala mpaka Feri, pantoni nikaisubiri kama dakika ishirini, saa moja na dakika tano niko Posta nanunua gazeti. Sikuamini. Upekuzi nao nimefanya: kiwanja hakina doa, jina ni la muuzaji mwenyewe.

Goba nilikwenda Jumatatu, mvua imenyesha usiku kucha kama vile mliniombea mabaya. Nilitoka Sinza saa kumi na bodaboda ili niwe mlangoni kwa boma saa kumi na moja na nusu. Kutoka pale mpaka lami ni dakika ishirini na tatu kwa mguu, nikiteleza. Daladala tatu zimepita zimejaa. Ya nne nikaingia kwa kuning'inia, Posta nimefika saa mbili kasoro kumi. Mama Kinzudi, jiwe nimelikanyaga. Mbele yangu alikuwepo mzee wa suti, amekunja suruali, ananawa huku anaongea na simu kwa Kiingereza kizito kuhusu zabuni.

Jumamosi nikampeleka mke wangu na watoto. Nilitaka aone mwenyewe, nilidhani atapata silaha ya kunimaliza. Alipofika akazunguka boma mara moja, akainama. Akaniita. Kwenye ukuta wa nyuma, tofali la pili kutoka chini, kuna mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama umepigwa pimamaji. Mimi nimekwenda pale mara tatu, nimepima vyumba vyote, nimehesabu nondo, na ule mstari sikuuona. Tukashuka nyuma kama Mpimaji alivyosema. Hatua arobaini, korongo. Ndani yake kuna shina la mgomba limenasa kwenye mizizi, juu ya kichwa changu. Maji yalilifikisha pale.

Nikampigia dalali, nikamuuliza na habari za mke wa muuzaji. "Mama yuko safari, lakini hana neno." Nikamwambia basi tumsubiri mama arudi. Akakata simu, mpaka leo hajapiga.

Sasa jambo ambalo sikulitegemea. Wakati tunakagua korongo, watoto wametoweka. Mke wangu akaanza kuita kwa sauti ile ya Kariakoo, nikajua leo tumekwisha. Tukawakuta nyumba ya tatu. Mdogo amekaa kwenye ngazi na bakuli la mihogo, sijui ya nani. Binti yuko juu ya baiskeli ya mtoto mwingine, anashuka kile kimteremko, miguu ameinua, mikono yote miwili kwenye usukani. Kama watoto saba wanamkimbilia nyuma wakidai zamu. Mke wangu alisimama. Nilimwandalia maneno ya kujitetea, hakuniuliza kitu. Aliongea na mwenye mihogo karibu saa nzima, wakagundua wananunua vitenge kwa mtu mmoja.

Kwenye daladala ya kurudi akasema, "Hilo boma sitaki hata kwa bure. Mtaa ule nautaka." Kisha baada ya kituo kimoja: "Lakini na wewe nakutaka nyumbani kabla watoto hawajalala."

Kwa hiyo tuko hapo. Kibada ina karatasi safi na safari fupi, haina watoto. Goba ina watoto, ina barabara ile. Nimemwambia milioni 30 zisiguswe mwaka huu. Kodi ya Sinza inaisha mwisho wa mwezi ujao na nimefikiria, badala ya kuilipa tena, tupange kwanza huko huko tunakotaka kununua, miezi sita, tupitie masika moja yote. Nikiona siwezi, nimepoteza kodi tu. Kibada Tangu 2009, hiyo mitaa ya nyuma ya soko nitakuja kuitembea nayo, niambie siku uliyopo. Mama Kinzudi, kwako kuna nyumba ya kupanga, karibu na lami zaidi ya lile boma?

Nimerudi Mjini

Hapo umefanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Ningepanga Chanika miezi sita kwanza, ningejenga kwingine kabisa. Muulize bosi wako kuhusu kuingia saa tatu na kutoka saa kumi na moja, wengine siku hizi wanakubali. Muulize kabla hujahama, ukiwa bado huna shida.

Mpimaji Mstaafu

Mpe shemeji hongera. Ule mstari wa tope ni upimaji, na hakutumia darubini. Muda mtakaokuwa mmepanga, ulizia ofisi ya mtaa habari za urasimishaji. Mkikuta kiwanja chenye mchoro uliopita, nipige kelele humu, nitakuja kukitazama kwa nauli yangu.

Kibada Tangu 2009

Jumapili yoyote baada ya ibada nipo. Njoo na binti na baiskeli yake. Barabara ipo, tutatafuta wa kushindana naye.

Mama Kinzudi

Ipo moja, dakika saba kutoka lami, vyumba viwili na sebule, uani kuna kisima lakini cha chumvi, mtaosha vyombo tu. Anataka 250,000, na nimeshamwambia miezi mitatu mitatu, sita hapati. Dari imevuja chumba cha watoto, mwambieni aitengeneze kabla hamjalipa, msikubali ahadi. Jumamosi tuna kikao cha kifusi mpaka saa nne, baada ya hapo nipo. Mkifika dukani kwenye jiwe ulizeni kwangu, mtaletwa na mtoto yeyote.

Na shemeji amwambie mwenye mihogo aache kumpa mdogo ile ya kukaanga. Tumbo lake litamsumbua, wangu wote walipitia hapo.